Mwalimu wa Opera Chini ya Kanisa Letu

Sikumpenda Mwalimu. Ninalisema mapema ili asiyetaka kusikia mtu akisemwa vibaya aishie hapa. Kwa miaka mingi nilimfungulia mlango kila Jumamosi, nikambebea masanduku ya mavazi, nikamzolea theluji kwenye ngazi asije akateleza, na bado kila nilipoliona gari la kijivu la mjukuu wake likiingia kwenye maegesho ya kanisa nilihisi taya zangu zikikaza.

Wote tulimwita Mwalimu. Wachina wenzake walimwita hivyo kwa lugha yao, sisi kwa yetu. Mjukuu wake, msichana aliyemwendesha huku na huku, hakumwita chochote. Alimteremsha, akaketi kwenye kona na simu yake, akangoja kumrudisha.

Kanisa letu liko katika mji mdogo wa Crystal. Sisi ni Wakongo wa mashariki, wengi wetu tulitoka Uvira, Fizi na Bukavu, tukapitia kambini, tukaletwa Minnesota. Siku za kazi mimi naendesha forklifti katika ghala moja kule Savage, karibu na mto. Mwisho wa juma ni shemasi, na kwetu shemasi ndiye anayeshika funguo. Wazee wa kanisa walipoamua kulipangishia basementi, ukumbi ulio chini ya kanisa, kundi la Wachina wanaoimba opera, hawakuniuliza. Waliniambia tu nifike Jumamosi asubuhi nifungue.

Siku ya kwanza Mwalimu aliteremka ngazi, akasimama katikati ya ukumbi, akavuta hewa puani. Akina mama walikuwa wamepika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki jana yake. Akaenda akafungua madirisha yote. Ilikuwa Januari.

"Mama, hita imewashwa," nikamwambia kwa Kiingereza.

"Sauti haikai chumba kimoja na samaki," akanijibu, akaendelea na dirisha la mwisho.

Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vimevunjika, ila kila kimoja mahali pake, kwa hiyo tulielewana kuliko nilivyopenda.

Kabla ya hapo nilidhani opera ya Kichina ni kitu kimoja: nyuso za rangi, kengele, watu wanaorukaruka. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kwamba kila mkoa una opera yake, yenye lahaja yake, ala zake na namna yake ya kutoa sauti. Alinifundisha kwa matusi, maana hakuwa na njia nyingine ya kufundisha. Opera ya Beijing, alisema, imepigwa pasi mno, imetengenezwa ili wakubwa wasinzie vizuri. Ya Canton: "Wanaimba kama watu wanaogombea bata sokoni." Ya Sichuan, ile ambayo mwimbaji hubadilisha kinyago usoni kufumba na kufumbua, aliiita mazingaombwe ya sherehe za watoto. Lakini chuki yake ya kweli aliiwekea opera ya Qin, ya watu wa Shaanxi huko kaskazini-magharibi, wanaoimba kwa kupasua koo huku wakigonga vipande vya mti mgumu.

"Wale hawaimbi," alisema. "Wale wanaita ng'ombe waliopotea."

Yake yeye ilikuwa Yue, ya Shaoxing, upande wa Shanghai. Humo wanawake huimba nafasi zote, hata za wanaume, na sauti ni laini, inateleza bila kukwaruza popote. Mwalimu maisha yake yote aliimba nafasi za vijana wasomi, wale wanaopenda na kuugua kwa mapenzi yao. Na hapa sitamdhulumu: alipoanza kuimba, bibi yule mfupi mwenye mgongo uliopinda alikuwa kijana wa miaka ishirini. Nilikuwa nikizima mashine ya kusafishia zulia kule juu ili nimsikie. Kisha wimbo uliisha, akamgeukia mwanamke aliyekosea hatua, akamsema mpaka akalia.

Hilo ndilo sikuweza kulimeza. Kijana aliyemwigiza aliinama mbele ya mama yake, aliomba radhi, alishika mkono wa mgonjwa. Mwalimu mwenyewe sikumsikia akimwambia mtu asante. Alikunja mavazi ya hariri kama anayelaza mtoto mchanga, na kwa upepeo uleule wa kukunja aliowapepea wapenzi jukwaani aliwapiga wanafunzi wake kwenye kifundo cha mkono, wanawake wenye wajukuu. Walirudi kila Jumamosi. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini. Akaniambia, "Nani mwingine anajua?"

Kwaya yetu ilianza mazoezi wao wanapomaliza, na mara nyingi tulikutana kwenye ngazi. Siku moja Mwalimu alibaki akafunga kamba za viatu polepole, akatusikiliza, kisha akaniita.

"Mnaimba kama nyumba inaungua."

"Tunamwimbia Mungu," nikasema.

"Hasikii vizuri?"

Nilikaa na hasira wiki nzima.

Kundini alikuwamo mzee mmoja wa Xi'an, fundi wa lifti aliyestaafu, mtu wa kucheka na wa kugawa mbegu za alizeti. Asili yake ni Shaanxi, na alikuja kwa Mwalimu kwa kuwa hapakuwa na kundi lingine karibu. Mwalimu alimruhusu apige vibao vya kushika mdundo. Kuimba alimkataza. Basi mzee alitoka nje wakati wa mapumziko, akasimama kati ya magari, akanguruma nyimbo zake za Qin mpaka vioo vikatetemeka. Mwalimu alimfukuza mbele ya watu wote, kwa sentensi moja, akamnyang'anya vibao mkononi. Mzee aliniaga kwa kunishika mkono, akanipa namba yake ya simu. Sikujua kwamba itatufaa.

Binti yangu Solange alikuwa na miaka kumi na minne alipoanza kuja nami Jumamosi, kwa sababu mke wangu alifanya zamu za mwisho wa juma katika nyumba ya wazee. Nyumbani nilimwambia jambo kwa Kiswahili, yeye akanijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku. Pale kanisani alikaa kwenye ngazi za basementi akitazama. Siku moja, Wachina wamekwenda kunywa maji yao ya moto, akaanza kuimba mstari aliousikia, maneno yote mahali pake. Mwalimu akatokea jikoni na kikombe mkononi.

"Tena," akasema.

Solange akaimba tena.

Mwalimu akanitazama mimi, akamwonyesha kidole mjukuu wake aliyeinamia simu. "Wangu hataki. Wako anataka. Kuanzia leo anakuja chini."

Hakuniomba. Na kwanza kabisa akambadilisha jina. Solange lilimshinda, akamwita Sulan. Nikamwambia mtoto wangu ana jina alilopewa na bibi yake. Akasema hili ni la kazini.

Alimfundisha kutembea na kipande cha karatasi kati ya magoti, kisidondoke, ili hatua ziwe fupi na mwili uteleze. Kikidondoka, upepeo kwenye kifundo. Solange alirudi nyumbani akafanya hivyohivyo jikoni, kutoka friji mpaka mlangoni. Mke wangu nusura afe kwa kicheko. "Vraiment, kweli kabisa, Papa Solange, angalia mtoto wako. Anatembea kama amebeba yai!" Solange alifundishwa pia kurusha mikono mirefu ya hariri, ile wanayoiita mikono ya maji, na kuirudisha viganjani kwa mtikiso mmoja. Sauti yake, ambayo kwenye kwaya yetu ilifunika wenzake wote, Mwalimu aliibana wiki baada ya wiki. Punguza. Punguza tena. Puani. Laini.

Niliruhusu yote hayo, kwa sababu nilimwona mtoto wangu ana furaha. Kwenye ghala niliwaonyesha wenzangu video. Siwezi kusema sikujivuna.

Baada ya majira mawili ya baridi, Mwalimu akampa nafasi ya kijakazi katika igizo fupi la mwaka mpya wao, kwenye jukwaa ndani ya jumba la maduka la Roseville. Mke wangu alibadilishana zamu. Pasta alitangaza kanisani. Watu wetu wangejaza viti.

Jumamosi ya mwisho kabla ya onyesho niliteremka nikamkuta Solange amesimama katikati ya ukumbi na mikono ya hariri imening'inia mpaka sakafuni. Mwanamke mwingine alikuwa anafungwa mkanda wa kijakazi.

"Sulan hataimba," Mwalimu akaniambia.

"Kwa nini?"

"Sauti yake ni kubwa. Miaka miwili nimeibana, haibaniki. Ni sauti ya Qin. Mimi siweki ng'ombe kwenye tundu la ndege."

Alisema hivyo mtoto akisikia. Wanawake wengine walitazama sakafu, ila mmoja, aliyekuwa na kazi ya kupaka nyuso. Huyo alimtazama Solange usoni, kisha akalitazama kopo lake la poda nyeupe na nyekundu, akalifunika. Nilipoona vile nilijua, au niliamini kwamba najua.

"Ni sauti," nikamuuliza Mwalimu, "au ni ngozi?"

Akamvua Solange mavazi, akaanza kuyakunja.

Jumamosi ya onyesho walipaswa kufanya mazoezi ya mwisho asubuhi. Nilifika mapema, nikafunga mlango kwa ndani, nikakaa ofisini kwa pasta na kikombe cha chai. Niliwasikia wakivuta mlango. Mwalimu akagonga mara moja kwa mpini wa upepeo, akarudi nyuma, akainua macho akaniona dirishani. Aliwageukia wanawake wake akawapanga kwenye maegesho, juu ya theluji.

Wakafanya igizo lote pale. Walivaa makoti ya baridi, na juu ya makoti mikono ya hariri, na kila walipoirusha ilizoa theluji na kurudi imelowa. Mpiga zeze alikaa ndani ya gari mlango wazi, glavu amezikata vidole. Mwalimu mwenyewe alishika nafasi ya msomi, koti limefika kwenye visigino, mvuke unamtoka kinywani kwa kila neno. Hakuruka hata ubeti. Majirani wa ng'ambo ya barabara walitoka na simu zao kurekodi. Mimi nilibaki dirishani na funguo mfukoni, na chai ikapoa.

Aliyefungua ni mke wa pasta, alipofika na funguo zake. Alinipata juu.

"Papa Solange, haya ni aibu gani? Wazee wa watu kwenye baridi?"

"Aibu si yangu," nikamwambia. Na mpaka leo nasema hivyo.

Onyesho la Roseville hatukwenda. Solange alikaa chumbani siku mbili, siku ya tatu akatoka akaniomba namba ya mzee wa Xi'an.

"Ya nini?"

"Mwalimu amesema sauti yangu ni ya Qin. Basi niende kwa watu wa Qin."

Nilimtazama mtoto huyu. Mimi nilisikia tusi, yeye akasikia anwani. Nilimwambia hapana. Mama yake akasema ndiyo, na nyumbani kwetu mambo ya namna hiyo huishia kwa mama yake.

Mzee alikuwa na wenzake wachache waliokutana kwenye gereji yake huko huko Roseville, kati ya mashine ya kukatia nyasi na matairi ya akiba. Nilimpeleka nikiwa nimenuna. Mzee alimpa mbegu za alizeti, akamwambia asahau yote aliyoyasikia kuhusu kupunguza. Akagonga mti wake mgumu, tak, tak, tak, akamwimbia mstari mmoja, akamwambia aurudishe.

Solange akafungua kinywa.

Mama yangu, kule Fizi, aliwaita watu ng'ambo ya bonde, na watu wakageuka. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu tulipomzika, kabla hatujakimbia. Ilitoka kwenye gereji ya Mchina, kinywani mwa mtoto wangu, na mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Wazee wale walipiga makofi wakicheka. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia gurudumu la gari.

Basi Mwalimu alikuwa amesema kweli kuhusu sauti. Ungedhani hapo ningemsamehe. Nilimchukia zaidi. Kama aliisikia sauti ile tangu mwanzo, kwa nini aliibana miaka miwili? Na kama ni sauti peke yake, kwa nini hakunijibu nilipomuuliza?

Alirudi basementi wiki mbili baada ya onyesho, maana wazee wa kanisa walimwomba radhi kwa niaba yangu bila kunishirikisha. Nilifungua mlango, nikaondoka, nikarudi kufunga. Miaka ikapita hivyo hatusemezani, mpaka miguu ikamshinda na kundi lake likahamia mahali pasipo ngazi.

Nyumbani, ugomvi haukuisha. Solange alikua, akaimba Qin kwenye sherehe za watu, akajulikana, na kila aliyemuuliza alianzaje, alimtaja Mwalimu kwa heshima. Mimi nilikuwa siwezi kunyamaza.

"Alikutoa kwa sababu wewe ni mweusi. Sema basi."

"Papa, stop. Alinitoa kwa sababu alinisikia. Ninyi nyote mliniambia naimba vizuri. Yeye ndiye mtu pekee aliyeniambia ninaimba nini."

"Alikuita ng'ombe."

"Aliiita hivyo sauti yangu, si mimi."

Mara moja tulibishana hivyo mezani mpaka akaacha chakula, akaondoka, na kwa muda mrefu akawa anazungumza na mama yake tu. Mwishoni nilijifunza kulikwepa jina la Mwalimu, kama mtu anavyokwepa ubao wa sakafu uliooza.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Solange alipata nafasi ya kwenda Xi'an kujifunza kwa mwaka mzima. Mzee alimwandikia watu wake. Tulikuwa tukihesabu wiki zilizobaki, na nyumba ilikuwa na amani.

Jumapili moja baada ya ibada alinipeleka Saint Paul, kwenye duka kubwa la Waasia ambako sisi Wakongo hununua majani ya sombe yaliyogandishwa na dagaa wakavu. Yeye alibaki kwenye gari. Mimi niliingia, nikakata kona kuelekea mapipa ya vioo wanamofugia samaki hai, na Mwalimu alikuwa pale, ameegemea fremu ya magurudumu aliyokuwa akitembelea, akimwonyesha muuzaji samaki anayemtaka. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yaleyale.

"Shemasi," akasema. "Umenenepa."

"Na wewe umezeeka."

Akakubali kwa kichwa, kama nimemwambia saa. Nilikuwa nimeamua, kama nikikutana naye, nimpite. Sikumpita.

"Niliwahi kukuuliza neno," nikasema. "Hukunijibu."

Hakujifanya kusahau. Alimtazama muuzaji akimvua samaki kwa wavu.

"Vyote viwili," akasema.

"Sauti na ngozi?"

"Sauti kwanza. Hilo ni kweli, haikufaa, mtu yeyote mwenye masikio angejua. Lakini hata ingefaa, nisingempandisha. Wangetazama uso wake, wasingesikia chochote. Wangecheka. Wangenicheka mimi."

"Ulijua hivyo tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Ukamfundisha miaka miwili."

"Alitaka," akasema. "Hakuna mwingine aliyetaka."

Muuzaji akampiga samaki kichwani kwa rungu dogo, akamtia kwenye mfuko. Mwalimu akaupokea, akauweka kwenye kikapu cha fremu yake.

"Ulitaka nikudanganye?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi usinitazame hivyo."

Akaisukuma fremu yake taratibu kuelekea kwa mjukuu wake, aliyekuwa kwenye foleni ya malipo. Hakuuliza habari za Sulan wake, na mimi sikumpa.

Nilinunua nilichonunua, sikumbuki nini, nikatoka. Solange alikuwa amesogeza gari mpaka karibu na mlango, hita inanguruma. Nilipoingia alikuwa amegeuka kunitazama. Alikuwa ametuona kupitia kioo cha duka.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Ulimuuliza, sivyo? Papa, najua ulimuuliza."

Nikafunga mkanda. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaza siku nitakapokuja na jibu, nimwekee mbele, nimwambie unaona. Sasa nilikuwa nalo. Nusu yake ilikuwa yangu na nusu ilikuwa ya Solange, na sikuona namna ya kumpa moja bila kuiharibu nyingine. Wiki chache zijazo angepanda ndege peke yake, akasimame mbele ya watu wasiomjua, afungue kinywa.

"Amesemaje?"

"Amesema ni sauti."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Alipiga usukani kwa kiganja, akacheka kama alivyokuwa akicheka mdogo. "I told you. Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

Akarudisha gari nyuma. Wakati huo Mwalimu alikuwa anatoka mlangoni, mjukuu nyuma yake, samaki kikapuni. Solange akashusha kioo, baridi yote ikaingia, akampungia mkono kwa nguvu. Mwalimu alisimama akatazama upande wetu. Sijui kama alimtambua.

"Mpungie na wewe, Papa," Solange akasema.

Nikampungia.